Nta ya meno ya bandia: nichonge mpaka wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasomea ufundi wa maabara ya meno, niko mwaka wa pili. Nimepewa seti nzima ya mazoezi, juu na chini. Mpangilio wa meno umekubaliwa, tatizo ni nta ya fizi. Mara ya kwanza mwalimu alisema ni nene. Nikapunguza, akasema nimeila. Mara ya tatu aliitazama tu akaniambia, 'hii ni keki.' Wenzangu wanachora mizizi na kugonga vitundu kwa mswaki mpaka fizi zinapendeza, mimi nikijaribu zinakuwa kama zimeliwa na mchwa. Nitajuaje pa kuishia?"

Marahaba, mwanangu. Hiyo "keki" usiione tusi. Mimi niliambiwa "kinyago", na aliyeniambia alikuwa na haki.

Nianze na lililokukera zaidi. Unadhani mwalimu wako anajipinga: leo nene, kesho umeila. Nina hakika kiasi fulani kwamba alikuwa sahihi mara zote mbili, ila hakuwa anaonyesha mahali pamoja. Wanafunzi wengi wakiambiwa "nene" hupita na kisu kila mahali sawasawa, kama mtu anayemenya muhogo. Matokeo yake, palipotakiwa kupungua panapungua nusu, na palipotakiwa kubaki panaisha kabisa. Nta ya meno ya bandia haina unene mmoja. Ina mahali pa kunenepa na mahali pa kukonda, na anayeamua ni shavu, mdomo na ulimi wa mtu atakayeyavaa.

Seti nzima ina nyuso tatu. Wa kwanza ni ule unaolalia fizi. Huo uliletewa na daktari aliyechukua vipimo. Wa pili ni wa kutafunia. Huo umeupata kwenye artikuleta, kile kifaa kinachoiga taya zinavyofunga na kufunguka, ulipokuwa unapanga meno. Wa tatu ni kila kilichobaki: ubavu unaogusana na shavu, mbele panapolala mdomo, ndani anamochezea ulimi. Huo hukuletewa na mtu, unautengeneza wewe kwa nta. Tangu miaka ya 1930 daktari wa meno Mwingereza, Wilfred Fish, aliushupalia uso huu wa tatu akisema unaweza kuyashikilia meno mahali pake au kuyang'oa, kutegemea umeelekea wapi. Mtu akimeza, akiongea, akitafuna, misuli haiachi kuusukuma. Fikiria kipande cha sabuni ya mche kilicholowa. Ukikibana huku ubavu wake umeinama upande mmoja, kinachomoka juu. Ukiugeuza mwinamo, kubana kule kule kunakikalisha chini. Kazi yako yote kwenye nta ni kugeuza miinamo ili misuli iyakalishe meno.

Tuanze na meno ya chini, maana ndiyo yanayolaza watu na njaa. Hayana kaakaa la kuyashikilia, eneo la fizi ni dogo, na katikati kuna ulimi usiotulia. Kama ungeyakata kwa msumeno usawa wa magego na kutazama kipande kile, ungetaka kuona umbo la kichuguu: juu jembamba penye meno, kisha kila upande unateremka ukipanuka, na mteremko umebonyea kidogo. Ubavu wa nje ukitanuka hivyo, shavu hulala juu yake na kuukandamiza chini. Ubavu wa ndani ukiteremka kuelekea ulimini, ulimi nao hutandaza mbavu zake pale ukakalia. Sasa chunguza kosa la kawaida: fundi anachonga chini ya magego upande wa ulimi mpaka meno yananing'inia kama kibaraza cha nyumba. Ulimi utaingia chini ya kile kibaraza, na mgonjwa akiinua tu ulimi kusema "la", meno yanainuka nao. Pitisha kidole chako cha mwisho kutoka kwenye jino kushuka. Kikikwama chini ya jino, jaza nta.

Kuna sehemu moja ya chini ambapo kichuguu hakiruhusiwi kutanuka. Tia kidole gumba ndani ya pembe ya mdomo wako na cha shahada nje, bonyeza taratibu, utasikia fundo gumu. Misuli kadhaa ya uso inakutana pale. Kila mtu anapofyonza, anapotafuna au anapokunywa uji, fundo lile hukandamiza usawa wa magego madogo. Nta ikiwa nene hapo, meno ya chini yanasukumwa kila tama. Hapa ndipo mwalimu wako alipokuwa anasema "nene", ningeweka dau. Kondesha usawa wa magego madogo, kisha panua tena ukienda nyuma kwenye magego makubwa.

Na "umeila" ilikuwa wapi? Nahisi kwenye kingo. Kingo za chini na juu kabisa, pale nta inapoishia kwenye mfereji ulio kati ya fizi na shavu, si zako za kuchonga. Daktari alipochukua vipimo aliujaza mfereji ule, akamwambia mgonjwa atoe ulimi, anyonye, apanue mdomo, na alama ya upana wake iko kwenye modeli ya plasta mbele yako. Ukingo unatakiwa kuujaza, uwe mviringo, kwa kawaida milimita 2 hadi 3. Ukiufanya mwembamba kama kisu, hewa inaingia, meno ya juu yanaachia, na mgonjwa anachubuka. Pale palipo na kijinyama kinachounganisha mdomo na fizi, acha pengo lake kama modeli inavyoonyesha, ukilainisha midomo ya pengo lile. Mimi huacha hata ziada kidogo sana kwenye ukingo, kwa sababu kusugua na kung'arisha baadaye kutaila.

Kuchonga kupita kiasi kunaumiza pia kwenye ubavu wa shavu. Nimesema ubonyee kidogo. Ukiubonyeza ukawa bonde, shavu halifiki chini yake, na ugali unajaa humo. Mtu anaonekana ana tonge shavuni nusu saa baada ya kula. Shavu linatakiwa liguse nta mfululizo, ndipo linapofagia chakula na kukirudisha juu ya meno.

Meno ya juu ni kichuguu hicho hicho kilichopinduliwa, kwa hiyo sitarudia. Mbele tu panahitaji neno. Nta iliyo chini ya pua ndiyo inayoubeba mdomo wa juu. Ikipungua, mdomo unazama na mtu anazeeka miaka kumi. Ikizidi, anaonekana anaficha ubuyu. Daktari alishaamua jambo hili wakati wa kujaribisha meno kinywani. Kama wakati ule uso ulikubalika, usiongeze wala kupunguza unene wa mbele kwa sababu ya urembo wa mezani.

Kaakaa sasa, na hapa nikusimulie aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nilimtengenezea meno mwalimu wa madrasa, mzee wa pwani. Yalikaa vizuri, hayakuchubua, akaenda zake. Siku ya nne karudi, kayaweka mezani mbele yangu yamefungwa kwenye leso. "Haya yako," akaniambia, "mimi siwezi kuwasomesha watoto sini na thaa zikiwa kitu kimoja." Nikayapima kwa kipimo cha unene: nyuma ya meno ya mbele, karibu milimita 4. Nilikuwa nimepaka nta juu ya nta kuficha mikwaruzo ya kisu. Ulimi ulikuwa unafika kwenye kaakaa kabla ya wakati wake, na "s" inageuka "th". Kwa Mswahili wa kawaida ni "thita" badala ya "sita", anachekwa kidogo basi. Kwa msomeshaji wa Kurani ni kazi yake imekwisha.

Tangu siku ile sipaki nta kaakaani kwa kukisia. Baada ya majaribio ya mdomoni, kata na uondoe kaakaa la kibao cha muda, yaani ule msingi wa muda uliobeba nta na meno, kisha laza karatasi moja ya nta ya msingi moja kwa moja kwenye modeli, uiunganishe na nta iliyo nyuma ya meno. Ukisawazisha maungio utapata kaakaa la kama milimita 2 hadi 2.5, na hilo linatosha. Kuhakiki, chukua sindano ya kifaa chenye ncha kali, itie alama ya milimita 2 kwa kalamu, ichome wima mpaka iguse plasta, halafu ziba tundu. Nyuma ya meno ya mbele acha nta iteremke kwa upole bila ngazi. Mwisho wa nyuma, kaakaa liishie kwa mteremko usiosikika ulimini. Matuta ya kaakaa la mbele wengine huyachonga, wengine huacha laini. Mimi huacha laini. Sijaona mgonjwa aliyeyaulizia.

Siku ya majaribio, ukiruhusiwa kusimama kando ya daktari, msikilize mgonjwa akihesabu sitini hadi sabini na saba. Lugha yetu imetupa zawadi hapo: "sitini na sita", "sabini na saba" zinafichua kila kasoro nyuma ya meno ya mbele. Thelathini inakupa "th" halisi ya kulinganisha. Kwa "f" na "v", mwambie aseme "fupi" na "viatu", utazame ncha za meno ya juu zinavyougusa mdomo wa chini.

Sasa fizi zenyewe, hayo mapambo yaliyokutoa machozi. Jaza kwanza nta mpaka izifunike shingo za meno zote, hata kupita kidogo. Acha ipoe kabisa. Kisha shika Lecron, kile kisu kidogo cha kuchongea nta, na ukate ukingo wa fizi kuzunguka kila jino huku makali yamelala mshazari, kama digrii 45 kutoka kwenye uso wa jino, kwa meno ya mbele ukiinua kidogo zaidi. Makali yakilala bapa juu ya jino, fizi inatoka nyembamba kama karatasi iliyobandikwa. Yakisimama wima kabisa, yanaacha ngazi inayokusanya uchafu. Taji lote la jino lionekane. Wanafunzi huzika shingo za meno kwa kuogopa kukosea, na hapo meno yanaonekana mafupi kama ya mtoto.

Mstari wa fizi usiwe ulionyooka. Juu, kwenye jino la kati fizi hupanda. Kwenye la pembeni hushuka kama nusu milimita hadi milimita nzima. Kwenye chonge hupanda tena, sawa na la kati au kupita. Kilele cha upinde ule, kwa jino la kati na chonge, hakiko katikati ya jino. Kimesogea kidogo kuelekea nyuma ya kinywa. Ukilijua hilo peke yake, nusu ya "keki" imeondoka, kwa sababu kinachofanya fizi zionekane za kiwandani ni matao yanayofanana.

Mizizi iashirie tu. Chora kwa ncha ya kisu pembetatu nyembamba juu ya kila jino la mbele: ya chonge ndefu kuliko zote, ya jino la kati inafuata, ya pembeni fupi. Chini, chonge ndefu, ya pembeni inafuata, ya kati fupi. Kisha kwangua nta iliyo kati ya pembetatu, kidogo, na ulainishe pembe zake mpaka huwezi kuonyesha kwa kidole mzizi unaanzia wapi. Mwanafunzi anayechonga mifereji mirefu kati ya mizizi anatengeneza mbavu za mbuzi mwenye njaa. Magego hayahitaji mizizi, na upande wa ulimi haupambwi hata kidogo. Ulimi hauna macho, unataka ulaini.

Ufizi ulio kati ya jino na jino ujae, utokeze nje kidogo kwa kila upande, usiwe shimo. Kwa mzee wa miaka sabini shusha ncha zake kidogo, kwani fizi za umri ule hazichongoki kama za kijana. Ila kuna mwanya. Watu wengi huku kwetu, hasa kina mama, huomba warudishiwe mwanya wao, na daktari anaandika kwenye fomu. Ukiona meno mawili ya kati yamepangwa na nafasi, usiijaze nafasi ile kwa nta ukidhani ni kasoro ya mpangaji. Katika mwanya wa asili ufizi wa katikati huwa umelala, haujachongoka. Uache bapa, laini, uliotelemka bila kona, ili chakula kipite.

Vile vitundu vya ganda la chungwa, sasa. Hugongwa kwa mswaki mgumu, na faida yake ni kuvunja mng'ao. Fizi zinazong'aa kama kioo zinamsaliti mvaaji kila anapocheka juani. Lakini viwe mbele tu, vianze chini ya ukingo wa jino baada ya kama milimita moja ya nta laini, visifike kwenye kingo za mfereji. Ukishagonga, pitisha mwali wa tochi ya spiriti kwa haraka ili midomo mikali ya vitundu ilegee. Zako "zililiwa na mchwa" kwa sababu uligonga nta ikiwa bado vuguvugu, au hukupitisha mwali. Na kabla ya kugonga uliza mgonjwa anakula tambuu au la. Vitundu na tambuu havikai nyumba moja, rangi inaganda humo na mswaki hauitoi. Kwa mlaji wa tambuu mimi huacha fizi laini, na ang'ae tu.

Kwa kuwa nimetaja joto, nikukanye kuhusu hali ya hewa yetu. Nta ya msingi huuzwa kwa ugumu wa aina tatu, laini, ya kati na ngumu, na ile ngumu ilikusudiwa nchi za joto. Katika maabara nyingi nilizopita hununuliwa yoyote iliyopatikana dukani, halafu tunamlaumu mwanafunzi. Hakikisha unayo ngumu, hasa kama uko Dar es Salaam au Mombasa na feni ndiyo kiyoyozi chenu. Nta hupanuka na kusinyaa kwa joto kuliko karibu kila kitu kingine tunachotumia maabara, na ikisinyaa inavuta meno. Ukimimina nta ya moto upande mzima kwa mara moja, asubuhi yake meno uliyoyapanga kwa siku mbili yamesogea, na unene huo mkubwa wa mara moja ndio unaozaa keki. Weka tabaka jembamba, hamia upande wa pili, rudi. Usiichemshe mpaka itoe moshi. Mwishowe funga artikuleta: pini ya mbele isipogusa sahani yake, nta imeshakufanyia mchezo, na inabidi urekebishe meno kabla ya kitu kingine.

Utaambiwa, "acha, tutarekebisha kwenye mashine." Usikubali. Kila mkwaruzo ulio kwenye nta unachapwa kwenye plasta ya flaski, lile kopo la chuma ambamo nta huondolewa, na akriliki, plastiki ngumu inayochukua nafasi ya nta, inachukua chapa ile ile. Kusaga akriliki ni kazi ya saa nyingi, inakula umbo ulilolipigania, na brashi ya kung'arisha ikizidisha joto meno yanapinda. Unene usio na sababu una adhabu nyingine: akriliki ikiiva hutoa joto lake yenyewe, na kimiminika chake huchemka kwenye takriban nyuzijoto 100.8. Penye donge nene joto halitoki haraka, kimiminika kinachemka ndani, na unapata vitundu vya hewa usivyovigonga kwa mswaki wowote.

Kitu cha mwisho kabla ya flaski ni shingo za meno. Utando mwembamba wa nta ukibaki juu ya jino, plasta haitalikumbatia, na akriliki itapanda pale. Safisha kwa pamba yenye maji ya sabuni ya baridi, kisha sugua nta yote kwa soksi ya nailoni iliyolowa mpaka ing'ae kiasi cha kutosha kuona kivuli cha dirisha. Wakati wa kuiondoa nta ndani ya flaski, dakika kama 5 katika maji yanayochemka zinatosha ilegee itoke kipande kizima. Ukiiacha iyeyuke kabisa inanyweshwa plasta. Suuza kwa maji safi ya moto, maana meno ya akriliki hayashikani na msingi wake pakiwa na mafuta ya nta.

Kwa hiyo seti yako ya nne ifanye hivi. Anza asubuhi mapema kabla maabara haijapata joto. Usichonge kwanza. Chukua kalamu ya wino, tia alama kwenye nta uliyonayo: mduara kwenye magego madogo ya chini pande zote mbili, mstari chini ya magego upande wa ulimi, na nukta kila sentimita kwenye kingo. Ndani ya miduara punguza. Chini ya mstari jaza. Kwenye nukta usiguse, au kama ulishakula, rudisha mpaka modeli itosheke. Choma kaakaa kwa sindano mahali patano. Halafu nenda kwa mwalimu wako na nta ikiwa hivyo hivyo, mbaya, bila mizizi wala vitundu, umuulize kuhusu unene tu. Akikubali, mapambo ni kazi ya saa moja baada ya chakula cha mchana.